Kabla ya Kumshtaki Mdosi

Kaka yangu alipoteza vidole viwili vya mkono wa kulia saa tisa usiku, katika kiwanda kimoja cha plastiki hapa Nairobi. Mashine ya mabeseni ilifunga kalibu yake kabla hajautoa mkono. Mashine hiyo ilikuwa na mlango wa kinga, lakini mlango ulikuwa umeng'olewa miezi kadhaa nyuma kwa sababu ulichelewesha kazi. Zamu nzima ilijua. Nyapara alijua. Mdosi naye, tukisema ukweli, hakosi alijua.

Hayo yote nilikuwa nimeyasikia. Sikutarajia tu kwamba miezi kumi na nusu baada ya ajali angenipigia simu aniulize: “Wakili, nikimpeleka huyu mdosi kortini, nitashinda?”

Nyumbani wananiita wakili kwa utani unaouma kidogo. Nilisoma sheria mihula mitatu, karo ikakwama, nikatoka. Siku hizi naandika na kulipwa kwa makala, na kila mtu katika ukoo mwenye kesi ya shamba, ya kodi ya nyumba ama ya talaka hunipigia mimi kwanza, kwa sababu mimi ni wa bure.

Wakati huo kila mtu alikuwa ameshampa jibu lake. Mama alisema, “Mwanangu, usishindane na tajiri, shukuru Mungu mkono upo.” Mjomba, ambaye miaka ya tisini aliangukiwa na magunia kwenye bohari akavunjika mguu, alisema, “Shtaki! Mimi nilishtaki nikalipwa, hii nyumba unayoiona ni ule mguu.” Nyapara alimwambia maneno ambayo kaka hajayasahau: “Lakini si ungekataa tu kufanya kazi kwa hiyo mashine?”

Nilimwomba wiki moja. Nilidhani nitasoma sheria moja nipate jibu moja. Badala yake nilijipata nasoma mambo ya reli na ya muuza nyama wa Uingereza, maana swali la kaka ni kuukuu kuliko nchi yetu, na kila kizazi kimejibiwa tofauti. Mama, mjomba na nyapara walikuwa wakisema ukweli wote watatu, ila kila mmoja alikuwa na ukweli wa enzi yake.

Tuanzie pale Nairobi yenyewe ilipoanzia. Reli ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika kwenye kinamasi hiki chetu mwaka 1899, ikagonga Ziwa Victoria mwaka 1901. Waliletwa vibarua kama 32,000 kutoka Bara Hindi. Shuleni tulifundishwa sana kuhusu simba wa Tsavo wa mwaka 1898, na hata Patterson, aliyewaua simba hao, baadaye alidai walikula watu 135. Sawa. Lakini katika ujenzi mzima wa reli ile walikufa karibu Wahindi 2,500, na wengine zaidi ya 6,000 walirudishwa kwao wakiwa wagonjwa ama vilema wasioweza kazi tena. Simba walipata vitabu na filamu. Waliovunjwa na kazi yenyewe na magonjwa yake walipata mstari mmoja kwenye ripoti.

Hata huo mstari, kuna sababu waliupata. Wahindi wale walikuja na mkataba ulioandikwa: miaka mitatu, mshahara fulani, nauli ya kurudi. Kwa kuwa kuna mtu alitakiwa kulipa nauli, kuna mtu alitakiwa kuhesabu nani amebaki hai. Hesabu hiyo ni ya Wahindi peke yao. Waafrika waliobeba vyuma na kufyeka msitu kando yao hawamo.

Neno lenyewe kibarua linasema jambo hilohilo. Ni barua ndogo: kikaratasi anachopewa mtu wa kazi ya siku ili akionyeshe jioni alipwe. Aliyekuwa nacho alikuwa amefanya kazi. Aliyekipoteza, shauri yake. Kaka yangu alikuwa kibarua miaka miwili katika kiwanda kile na hakuwahi kupewa barua yoyote, ndogo wala kubwa. Alikuwa akilipwa kwa M-Pesa kila Jumamosi.

Sasa huyo muuza nyama. Mwaka 1835, katika kaunti ya Lincolnshire kule Uingereza, kijana aitwaye Charles Priestley alikuwa akimfanyia kazi muuza nyama aliyeitwa Thomas Fowler. Siku moja gari la farasi lilipakiwa nyama kupita kiasi, likaharibika njiani, Priestley akavunjika paja. Alishtaki. Wazee wa baraza walimpa pauni 100, pesa nyingi sana wakati huo. Lakini mwaka 1837 kesi ikafika kwa jaji Lord Abinger, naye akaitupa. Sababu zake ukizisoma leo unaweza kucheka, halafu ukakumbuka aliyevunjika paja. Alisema tukimruhusu huyu, kesho bwana wa nyumba atashtakiwa na mtumishi wake kwa sababu mjakazi alitandika kitanda kikiwa na unyevu, ama mpishi hakusafisha vizuri vyombo vya jikoni. Halafu akasema mtumishi ana uhuru wa kukataa kazi ambayo anaona itamdhuru.

Si ungekataa tu?

Nyapara wa kaka yangu hajawahi kumsikia Lord Abinger. Lakini maneno yale yalivuka bahari na yana njia yake ya kutufikia. Kenya ilirithi sheria za Uingereza kama zilivyokuwa tarehe 12 Agosti 1897. Hiyo ndiyo tarehe iliyowekwa, na bado imo kwenye vitabu vyetu vya sheria. Mwezi huohuo wa Agosti 1897, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria mpya ya fidia kwa wafanyakazi, ikisema mtu akiumia kazini alipwe hata kama mwajiri hakufanya kosa lolote. Ila ilianza kutumika Julai 1898. Kwa hiyo tulirithi majaji wa aina ya Abinger, na ile dawa Waingereza waliyokuwa wamejitengenezea ikabaki kwao.

Kilichokuja kwetu kilikuwa kitu kingine. Mwaka 1906 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya mabwana na watumishi. Chini yake mfanyakazi aliyetoroka kazi ama kuvunja mkataba angeweza kutozwa faini au kufungwa jela. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kikaja kipande, kile kitambulisho chenye alama za vidole ambacho wanaume Waafrika walivaa shingoni ndani ya kijumba cha bati, kikionyesha nani amekuajiri na kama amekuachilia. Mtu akiacha kazi bila kuachiliwa, polisi walijua wapi pa kuanzia.

Hebu liangalie swali la kaka ukiwa mwaka 1920. “Je, nimshtaki mwajiri?” Lingekuwa kichekesho. Kortini mlienda, ndiyo, lakini mwajiri ndiye aliyekupeleka. Nilipofika hapo nilimwelewa mama zaidi. Babu yake alivaa kipande. Anaposema usishindane na tajiri haogopi bure, anakumbuka kitu ambacho si lazima awe amekiona.

Wakati huohuo Ulaya walikuwa wamegawanyika juu ya jambo moja, na mgawanyiko huo ndio unaoamua kesi ya kaka yangu leo.

Ujerumani, mwaka 1884, chini ya Bismarck, ilifanya mapatano ya aina hii: mfanyakazi akiumia analipwa kutoka kwa bima ambayo waajiri wote wanaichangia, hata kama ajali ilikuwa uzembe wake mwenyewe. Hahitaji wakili wala kuthibitisha kosa la mtu. Lakini haki ya kumshtaki mwajiri anaiacha mlangoni. Uingereza mwaka 1897 ilichukua njia nyingine: fidia ipo, lakini kama unaamini mwajiri alifanya uzembe, unaweza kuikataa hiyo fidia ukaenda kortini kutafuta zaidi. Mjerumani alipata uhakika, Mwingereza akapata nafasi ya kuchagua.

Kenya ilipopata hatimaye sheria yake ya fidia, miaka ya 1940, ilifuata Uingereza. Sheria hiyo, iliyokuja kujulikana kama Sura ya 236, iliishi hadi juzi tu. Chini yake ungeweza kwenda ofisi ya leba ukakadiriwa fidia, ama ukatafuta wakili ukashtaki. Mjomba wangu alishtaki. Kesi ilichukua miaka minne. Ilibidi athibitishe kwamba magunia yalipangwa vibaya, na kwamba si yeye aliyeyapanga. Wenzake wawili waliahidi kutoa ushahidi, mmoja akaja. Alishinda, wakili akachukua zake, kilichobaki kikajenga nyumba. Kuna mtu mwingine wa bohari ileile, anasema mjomba, aliyevunjika kiuno na hakuwa na shahidi hata mmoja. Huyo hakupata kitu. Hadithi ya yule mtu wa pili mjomba haisimulii mpaka umuulize.

Halafu ukafika mwaka 2007. Bunge lilipitisha sheria tano za kazi kwa mpigo, na mojawapo ni Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini, ambayo mawakili wote huiita WIBA. Ilianza kutumika mwaka 2008. Kimyakimya ilituhamisha kutoka Uingereza hadi Ujerumani. Kifungu cha 16 kinasema mfanyakazi hawezi kumshtaki mwajiri wake kudai fidia ya ajali ya kazini isipokuwa kwa njia iliyowekwa na sheria hiyo. Na njia yenyewe haianzii kortini. Inaanzia kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini.

Chama cha Mawakili kilienda Mahakama Kuu kuipinga, kikisema inawanyima watu haki ya kufika kortini. Wapo waliosema mawakili walikuwa wakilinda mkate wao, maana kesi za ajali za kazini zilikuwa zinalisha ofisi nyingi. Nadhani yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa wakati mmoja. Machi 2009 Jaji Ojwang alikubaliana nao, akavifuta vifungu kadhaa, pamoja na hicho cha 16. Basi watu wakaendelea kushtaki kama zamani, miaka nenda miaka rudi.

Novemba 2017 Mahakama ya Rufaa ikavirudisha vingi vya vifungu hivyo. Tarehe 3 Desemba 2019 Mahakama ya Juu ikakubaliana na Mahakama ya Rufaa, na hapo mjadala ukaisha. Hoja, kwa lugha yangu, ni kwamba mlango wa korti haukufungwa, umesogezwa tu. Unaanza kwa Mkurugenzi. Usiporidhika unampelekea pingamizi ndani ya siku 60. Usiporidhika tena unakata rufaa ndani ya siku 30, na hapo ndipo unakutana na jaji wa Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Maelfu waliokuwa tayari wameshtaki walibaki wananing'inia, hadi Aprili 2023 Jaji Mkuu Martha Koome alipotoa mwongozo kwamba kesi zilizofunguliwa kabla ya uamuzi ule wa 2019 ziendelee zilipokuwa.

Kwa hiyo jibu la kaka yangu lilikuwa hili: hapana, huwezi kumshtaki mdosi jinsi mjomba alivyoshtaki. Lakini unaweza kudai, na huhitaji kuthibitisha habari za ule mlango uliong'olewa.

Nilimpigia nikamweleza hesabu. Ulemavu wa kudumu unapigiwa hesabu kwa mishahara ya miezi 96. Sheria ina jedwali la viungo na asilimia zake. Ukipoteza mikono yote miwili ni asilimia 100, na kila kidole kina bei yake. Nikamwambia, tuseme mtu analipwa shilingi 15,000 kwa mwezi, na daktari ameandika asilimia 10. Mara 96 ni shilingi 1,440,000. Asilimia 10 yake ni 144,000. Juu ya hiyo kuna gharama za matibabu, na mshahara wa muda ambao hukuweza kufanya kazi, hadi miezi 12.

Alinyamaza kidogo. “Na maumivu?”

“Maumivu hayako kwa jedwali.”

“Na ile mlango waliong'oa?”

“Kwa hesabu hii haiko.”

Hapo ndipo nilipoona mapatano yale ya Wajerumani yanagharimu nini. Kortini, mjomba alisimama mbele ya mtu aliyevaa joho akasema: hawa walipanga magunia vibaya. Ikaandikwa. Kaka yangu hatapata siku kama hiyo. Atapata pesa, akipata, kwa njia ambayo haimuulizi mtu yeyote kwa nini mlango uling'olewa. Kuna sheria nyingine ya mwaka huohuo wa 2007 inayodai sehemu hatari za mashine zizibwe, na mwajiri anaweza kushtakiwa kwa kuivunja. Lakini kesi hiyo ni ya serikali.

Bado sisemi mapatano ni mabaya. Namkumbuka yule wa kiuno, asiyekuwa na shahidi. Ninachosema ni kwamba ukimwondolea mtu korti, lazima mlango uliompa badala yake ufunguke kweli. Tanzania wana Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015. Waajiri wanachangia na mfuko ndio unalipa. Sisi tulichukua upande mmoja wa mapatano na kuacha mwingine. Hatuna mfuko. Mwajiri anatakiwa kukata bima kwa kampuni binafsi, na Mkurugenzi akishakadiria, mwajiri ama bima yake anapaswa kulipa ndani ya siku 90. Asipolipa? Sheria haikueleza wazi, na majaji wenyewe wamelazimika kubishana jinsi ya kumfanya alipe. Ukihesabu hivyo, mfanyakazi wa Kenya aliacha haki ya kushtaki akapewa fomu.

Kisha kaka akaniambia kitu ambacho alikuwa amekificha muda wote huo. Alikuwa amesaini karatasi.

Wiki ya tatu baada ya ajali, bandeji bado iko, aliitwa ofisini akapewa shilingi 35,000 na karatasi ya Kiingereza inayosema amelipwa kikamilifu na hatadai tena. Alisaini kwa mkono wa kushoto. Aliahidiwa kazi nyepesi ya kuhesabu mabeseni. Aliifanya miezi sita, halafu akaambiwa hakuna kazi. Aibu ya ile saini ndiyo iliyomfanya anyamaze, si woga. Alidhani ameuza vidole vyake 35,000 na biashara imeisha.

Nilimsomea kifungu kwenye simu: makubaliano yoyote ya mfanyakazi kuachilia haki zake chini ya sheria hii ni batili. Nilimsomea mara mbili. Nilimsomea pia kwamba mkataba wa kazi unaweza kuwa wa mdomo, kwa hiyo zile M-Pesa za kila Jumamosi ni ushahidi, azichapishe zote. Na kwamba madai yanapaswa kupelekwa ndani ya miezi 12 tangu ajali. Tulikuwa tumebakisha wiki sita.

“Sasa nikienda huko,” akasema, “nani atanipa tena kazi Industrial Area? Hao manyapara wanajuana.”

Kwa swali hilo sikuwa na kifungu. Historia yote niliyosoma wiki ile inaonyesha kwamba sheria zimebadilika mara nyingi, na hofu hii haijabadilika hata mara moja. Priestley alikuwa nayo. Mtu wa kipande alikuwa nayo. Mjomba alikuwa nayo na hakuwahi kuajiriwa tena na bohari yoyote. Ndiyo maana anafuga ng'ombe. Sikumwambia kaka aende. Ningemwambia, ningekuwa nacheza na chakula cha watoto wake huku mimi nikilala kwangu. Nilimwambia tu tarehe ya mwisho na nikamtumia orodha ya karatasi.

Siku nne baadaye alinitumia ujumbe mmoja: “Kesho saa mbili. Uje.”

Tulienda na barua ya hospitali, picha za mkono, kurasa kumi na moja za M-Pesa, na nakala ya ile karatasi ya 35,000. Ripoti ya ajali kutoka kwa mwajiri haikuwa imefika kamwe. Afisa alisikiliza, akaandika, akasema wataiitisha kiwandani na daktari atakadiria mkono. Kisha akamwomba kaka asaini. Alisaini kwa kushoto, lakini saini ile haikufanana na ya kitambulisho. Afisa akaitazama, akautazama mkono, akavuta kidau cha wino.

“Weka kidole gumba.”

Gumba la kulia bado lipo. Alilibonyeza kwenye karatasi kwa nguvu kuliko ilivyohitajika, wakatugongea muhuri nakala yetu.

Nje, tukisubiri matatu, aliikunja nakala mara mbili akaitia ndani ya shati. “Wakili,” akasema, “na wakikataa kulipa?”

“Basi hapo ndipo tutaenda kortini.”